Immakulata Hakulikalia Jiwe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu! Aliye jikoni apunguze moto, aliye kwenye migomba aweke panga chini. Mimi ni mwenzenu Zuena Najibu, na leo inatimia arobaini ya mama mmoja aliyekishangaza kilima kizima. Immakulata Byarugaba, muuza vitenge wa soko la Bukoba, mkazi wa Buhembe, mzaliwa wa Kamachumu kule Muleba. Nimemlilia, ndiyo. Lakini habari za Immakulata siwezi kuzisimulia kwa sauti ya chini, mtanisamehe!

Immakulata alikuwa mnene. Narudia, alikuwa mnene, na sote tulimsifu. "Mama, umenawiri! Mzee Byarugaba anakutunza!" Dada yake, Joviana, alimzidi unene. Joviana aliishi na mama yao, Ma Vestina, huko Kamachumu. Nyumba iko juu, chemchemi iko chini bondeni, na katikati ya kilima pana jiwe. Joviana akipanda na maji alikuwa analikalia hilo jiwe, anahema, anajifuta jasho. Watoto wakaliita kiti cha Joviana. Tukacheka. Kumbe moyo ulikuwa unalalamika! Asubuhi moja akaanguka jikoni. Kiharusi. Hospitali hakuiona.

Baada ya matanga Immakulata akaenda kupima. Presha juu, sukari juu. Daktari akamwambia, "Mama, ukibaki na uzito huu, utamfuata dada yako." Nalisema tena, wasikilizaji: unene uliopitiliza unaleta presha. Unaleta kisukari. Unauchosha moyo, na kiharusi kinaweza kukujia wala hujapiga hodi hospitali.

Basi Immakulata akaanza! Sahani ikawa ndogo. Soda, kwaheri. Kila alfajiri anatembea kutoka Buhembe mpaka ufukweni mwa ziwa na kurudi, mvua inyeshe isinyeshe. Mumewe, Mzee Byarugaba, alinisimulia huku anacheka na machozi yanamtoka: "Bi Zuena, nilimfuata kwa bodaboda nikidhani kuna mwanaume! Nikamkuta peke yake, anarusha mikono kama askari wa gwaride."

Kilo zikashuka. Lakini jamani, hapa Kagera tunajuana. Mtu akikonda mnajua watu wanasema nini. Miaka ile ya tisini tulizika, tukazika. Ma Vestina alizika wana wawili wa kiume, na wote walianza kwa kukonda. Kwa hiyo Immakulata alimwogopa mama yake kuliko daktari. Siku ya kwenda kumsalimia akavaa vitenge vitatu, sweta, na sweta jingine juu yake. Na jua linawaka! Ma Vestina akamkumbatia, akakaza mikono, akamwachia.

"Wewe! Mbona nimeshika nguo tu? Mwanangu yuko wapi?"

Akalia, mama wa watu. Immakulata akamwambia, "Ma, nimepima, sina virusi. Napungua nisije nikafa kama Joviana."

"Hata kaka zako walinambia hawaumwi."

Akamweka chumba cha ndani kama omugole, yule bibi harusi wetu wa kunenepeshwa. Maziwa. Ndizi za karanga. Supu ya kongoro. Kula, mwanangu, kula! Mnaona mtihani ule? Akila, anarudi kwenye njia ya Joviana. Asipokula, mama anaamini anamzika mtoto mwingine.

Immakulata akavumilia siku mbili. Alfajiri iliyofuata akabeba dumu la maji. "Ma, simama hapo mlangoni unitazame." Akashuka, akajaza, akajitwisha. Akaanza kupanda huku anaongea! Anapaza sauti, anamsimulia mama bei ya vitenge, wateja wasumbufu, Byarugaba na bodaboda yake. Pumzi haikatiki. Ma Vestina wala hasikilizi, macho yako kwenye jiwe. Immakulata akalifikia. Akalipita! Hakukaa! Mama yule alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

"Mgonjwa hawezi hivi, waitu, jamani zangu," akasema. Supu yote akawagawia hao majirani.

Baada ya siku ile Immakulata aliishi zaidi ya miaka kumi. Sukari ikatulia. Kwenye harusi ya mwanawe alicheza mpaka wapiga ngoma wakaomba poo. Lakini presha ya miaka ya nyuma ilikuwa imeshaziumiza figo zake kabla hajaanza kutembea. Mwaka jana zikachoka, mwaka huu zikagoma. Nikiwaza hapo nakasirika, wapendwa. Angeanza mapema! Tungemwambia mapema, badala ya kumsifia tu!

Siku ya mazishi, Kamachumu, nilikuwepo. Wanawake watatu wanamenya ndizi, wananong'ona: "Umemwona alivyokonda? Mtu hakondi hivihivi." Na hata angekuwa na virusi, kuna ubaya gani? Dawa zipo, watu wanaishi, wanalima, wanaoa. Ma Vestina akawasikia. Bibi wa miaka themanini na ushee, akainuka na mkongojo wake. Nikasema moyoni, leo kuna kazi! Hakutukana. Akasema tu, "Maji yamekwisha. Chukueni madumu, twende."

Nikawafuata, ningekosaje? Kushuka, sawa. Kupanda, wale watatu wakafika kwenye jiwe wakajibwaga wote. Wanahema, hakuna wa kutamka neno. Ma Vestina amesimama mbele yao.

"Hapo mlipokaa, alikuwa anakaa Joviana wangu," akawaambia. "Immakulata hakukaa. Haya, semeni sasa, nawasikiliza."

Akawapa mgongo, akashika njia ya nyumbani.

"Basi kesho asubuhi mje tena."

Mzee Byarugaba, pole sana. Watoto, poleni. Ma Vestina, umezika wanne, na bado unatuamsha asubuhi. Sisi wa redio hii tunakupa pole kwa mioyo yetu yote. Nawe unayenisikiliza, unapopanda kilima cha kwenu unaweza kuongea, au unatafuta pa kukaa? Nenda ukapime presha wiki hii. Mpeleke na dada yako. Usingoje matanga.

Na wale wanawake watatu? Wanakwenda kila asubuhi! Jana Mzee Byarugaba alinipigia simu kutoka Kamachumu. Mmoja wao amelipita jiwe bila kukaa, na njia nzima alikuwa anaongea kwa sauti. Nikamuuliza, anaongea nini? Akanijibu kwamba anamwomba Immakulata radhi.