Gazeti Lililofungiwa Bajia

Mgeni njoo, mwenyeji augue: ndivyo Bi Kuluthum alivyoona tangu Kahaso ahamie Kisauni na magazeti ya hadithi za picha, aliyoletewa na mumewe askari kutoka vitani. Asubuhi moja basi liliwaweka kiti kimoja.

"Shikamoo, Bi Kuluthum. Gazeti nililomwazima mwanao Mahfudh, mbona nimelikuta sokoni limefungiwa bajia?"

"Marahaba. Bajia zangu hizo. Zilikuwa tamu?"

Abiria wa nyuma wakainama mbele ili wasikie vizuri.

"Bibi we! Mwanao herufi za shule zilimshinda. Sasa anafuata picha, anasoma mwenyewe, anacheka."

"Anachekea kwako," akajibu Bi Kuluthum. "Mimi nilimfundisha herufi za Kiarabu, tukisoma tenzi pamoja kila alasiri. Hizo zako za Kizungu sizijui. Yeye akicheka, mimi nakodolea picha macho."

"Basi njoo, nikufundishe nawe."

"Nikae mkekani kwako, nyuma ya mwanangu?"

"Angalau mtake radhi mtoto. Alilia, wallahi."

Basi likasimama darajani. Bi Kuluthum akaliweka sawa buibui lake.

"Na alie," akasema akishuka. "Simtaki radhi yeye, wala wewe."