Mbio Hazikulifunga Tumbo Langu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mtu aliyekuja kanisani na hasira, kwa sababu mimi yangu sikuiacha mlangoni. Nimeingia nayo, nimeimba nayo nyimbo zote tatu, na sasa nimesimama nayo mbele yenu. Waliozoea ushuhuda wa machozi tu, leo mtanivumilia.

Mnanijua. Mimi ni mzaliwa wa Wamaza, mwalimu wa michezo kwenye chuo cha ualimu hapa Kasongo. Kazi yangu ni kufundisha wasichana mbio: mita mia nne, mita mia nane, na kupokezana kijiti. Kiwanja ni kile cha mpira. Wavulana wakimaliza ndipo tunapewa sisi, na mbuzi wakiwa ndani. Mistari niliichora kwa majivu ya jikoni kwangu. Viatu vya kugawa sikuwa navyo. Na bado wasichana wangu walikwenda Kindu kwenye mashindano ya vyuo, wakarudi na kikombe, miguu myekundu kwa vumbi la njia. Niliipenda kazi hiyo, na sitamwomba mtu msamaha kwa kuipenda.

Lakini sikuzaa. Wanawake wenzangu mnaitwa kwa majina ya watoto wenu. Mimi mkaniita Mama Filimbi, mkacheka, nami nikacheka pamoja nanyi, mjinga mimi! Kumbe kicheko kile kilikuwa kinageuka mafundisho. Siku moja nachagua majani ya sombe sokoni, mama mmoja akamwambia mwenzake, hata sauti hakushusha: "Mutoto mwanamuke akikimbia-kimbia, tumbo inafungika. Angalia Mama Filimbi." Basi nikawa mfano wa kutishia mabinti wa watu.

Ndugu zangu, hebu niulize! Mwanamke anatoka shambani na kitunga cha muhogo mgongoni, kamba imemkaza paji la uso, mimba ya miezi saba iko mbele, mumewe anatangulia na panga tu mkononi. Nani kati yenu aliwahi kusema tumbo la mwanamke huyo litaharibika? Hakuna! Lakini akikimbia mita mia nane, mikono mitupu, eti tumbo limefungwa. Muhogo haufungi tumbo kwa sababu muhogo mnaula. Kikombe hamkili!

Akaja mhubiri mgeni, juma zima la maombi. Siku ya nne akaniita mbele, hapa hapa niliposimama. Akasema nina roho ya mbio, akaniagiza nilete vifaa vya roho hiyo. Nikaenda nyumbani, nikarudi na filimbi na saa ya kupimia mbio, nikaviweka chini. Akanipaka mafuta mpaka yakaingia machoni. Akasema mwaka hautaisha kabla sijabeba mtoto. Ninyi mkapiga vigelegele. Nilizikana mbio kwa kinywa changu mwenyewe, na kosa hilo ni langu, simsukumii mtu. Niliwaacha wasichana tisa bila hata kuwaaga. Mmoja aliozwa mwezi ule ule. Mwingine alikwenda Salamabila kuwapikia wachimba dhahabu, na masomo yakaishia hapo.

Mwaka uliisha. Wa pili nao ukaisha. Tumbo ni lile lile, na mhubiri hakurudi kuuliza habari. Tangu mwaka wa kwanza mume wangu naye alikuwa amekwenda Salamabila kutafuta dhahabu, akapata mwanamke. Nilikuwa sina mtoto, sina mume, sina kazi niliyoipenda, na kila Jumapili nilikuja hapa kusema amina. Kwa nini? Kwa sababu niliamini kweli kwamba nilijilaani kwa miguu yangu mwenyewe.

Sasa sikilizeni Bwana alivyonifungua. Asubuhi moja nilikuwa naenda shambani. Mbele yangu nikaona wasichana watano wanapanda kilima, vitunga mgongoni. Nikashangaa, muhogo gani huu wenye haraka hivi? Nikatazama vizuri. Vitunga vilikuwa vitupu, vinarukaruka. Walikuwa wanakimbia! Aliyetangulia ni Feza, msichana wangu wa mita mia nane, ambaye magoti yake nayajua kuliko yangu. Hapa kwetu mwanamke mwenye kitunga hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Watoto hawa walitafuta namna ya kukimbia bila kutukanwa, na hiyo ndiyo waliyoipata.

Nikaita, "Feza!" Wakageuka, wakaniona, wakaruka ndani ya majani. Ndugu zangu, walinikimbia mimi! Nikawafuata. Nikamkuta Feza amechuchumaa, kitunga amejifunika kichwani. Akasema, "Mama, tunakuomba, usituseme kwa kanisa."

Nilikaa chini pale pale kwenye umande. Kuogopwa na walimu wa vyuo vingine nilikuzoea, tena nilikupenda. Kuogopwa na watoto niliowafundisha hata kuvuta pumzi, hilo lilinichoma. Nikawauliza ni nani anayewapimia muda. Wakatazamana, mmoja akajibu, "Tunaimba wimbo, Mama. Tukifika kwa daraja na wimbo haijaisha, tunajua tumeongeza mbio." Miaka miwili walikuwa wanajifundisha kwa nyimbo za kanisa hili hili, huku wakilificha kanisa!

Nikamwomba Mungu palepale, kwa sauti ya ugomvi. Nikasema, Bwana, kama ulinipa miguu hii kisha ukaniadhibu kwa kuitumia, niambie leo, nami nitanyamaza mpaka kaburini. Sikusikia sauti, sitawadanganya. Lakini hofu iliondoka. Ile hofu niliyolala nayo na kuamka nayo iliondoka, kama mtu aliyekuja nyuma yako akakutua mzigo bila kukuambia. Nilisimama mzima! Hakukuwa na mafuta, hakukuwa na vigelegele. Jina lake lihimidiwe!

Jumatatu nikarudi kiwanjani. Filimbi yangu nilimkuta nayo mlinzi wa kanisa, anafukuzia mbuzi. Saa yangu imepotea humu humu nyumbani mwa Bwana, na aliyeichukua ananisikia. Aendelee kupimia mayai yakichemka.

Sasa niwaambie kwa nini nimeomba kusimama leo. Kesho asubuhi pikipiki zinatupeleka Kindu kwenye mashindano. Wasichana wanne wako tayari. Feza hana ruhusa. Baba yake ni Papa Kashindi, mzee wa kanisa letu, ameketi pale karibu na dirisha. Nimekwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu alinipa kiti, akanipa na chai, akasema, "Mama, miye siko mutu mubaya. Lakini huyu iko mutoto wangu. Simama kwa kanisa, useme ni nini ilifunga tumbo yako. Ukisema, nitaamua."

Nilitoka kwake na hasira. Tumbo langu limegeuka kuwa kibali cha safari! Lakini nilimtazama yule mtoto mlangoni, nikasema, sawa, nitasimama.

Basi nasema, Papa. Sijui! Daktari alinipima, akakiri kwamba hajui. Mhubiri alisema anajua, na mmeyaona yaliyofuata. Mume wangu ana mwaka wa tatu na yule mwanamke wa Salamabila, na nyumba yao pia haina mtoto. Ninavyosikia, mama yule hajawahi kukimbia hata nyuma ya kuku. Yeye naye amefungwa na nini? Simcheki. Namwonea huruma, maana najua maneno anayoyasikia sokoni.

Nilitaka mtoto. Bado namtaka, na bado nalia. Bwana hakunipa, na siku tutakapoonana nitamuuliza kwa nini, atanijibu mwenyewe. Lakini hakunilaani! Ushuhuda wangu ndio huo. Sijazaa, na sina laana. Kama mlingoja nije na mtoto mgongoni ndipo mseme amina, amina hiyo kaeni nayo.

Namshukuru Mungu aliyenifuata mpaka kwenye majani. Nawashukuru wasichana watano waliokuwa na imani kuliko mwalimu wao. Na ninyi wenye mabinti, nawasihi: mtegemeeni Mungu, msiyategemee maneno ya sokoni. Yeye hakosei akimpa msichana mapafu mapana. Tukirudi kutoka Kindu, waleteni kiwanjani. Mama yeyote aliye na mashaka aje pamoja na binti yake, akae pembeni aone. Akitaka kukimbia naye, akimbie.

Papa Kashindi, ulinitaka niseme mbele ya kanisa. Nimesema, mpaka mambo ya chumbani kwangu nimeyatoa nje. Feza ameketi kando yako, hajainua macho tangu nilipoanza. Usinijibu mimi, Papa. Mgeukie mwanao, umjibu yeye, sasa hivi, tukisikia. Mimi sishuki hapa. Kusimama kwenye mstari wa mwisho na kungoja watu wafike, hiyo ndiyo kazi yangu.