Dobi Aliyeziacha Nguo Ziende

Wasikilizaji wapendwa, tulieni kidogo nami. Leo tunamkumbuka dobi. Wafanyakazi wake walimwita Mama Viatu, naye alijua, akawa anacheka tu. Alifariki Jumapili, usingizini, akiwa na miaka sabini na moja.

Alipokuwa msichana, yeye na mdogo wake walifua shuka za hoteli. Siku moja mbingu ikawa kijani, kama maji ya bwawa. Dobi akiona mbingu imechafuka, mikono inamwasha: lazima aanue. Mdogo mtu akatoka kuanua. Kimbunga kikamkuta kambani. Hakurudi. Nasema tena, wasikilizaji, hakurudi.

Dada mtu alipokuja kufungua udobi wake, alichagua stoo ya katikati ya jengo, isiyo na dirisha hata moja, iwe kimbilio siku ya kimbunga. Humo aliweka maji, tochi, redio ya betri, mablanketi, na viatu vya kufunika mguu, jozi kwa kila mtu. Kila mwezi aligonga beseni kwa mazoezi, wote wakimbilie humo, na sheria ilikuwa moja: beseni likishalia, hakuna kutoka.

Binti yake anasema, "Tulimtania mpaka basi. Tukamwambia, mama, wewe hata kuoga utaoga na viatu. Anajibu, 'Cheka mwanangu, ila kimbia.'"

Miaka tisa iliyopita, alasiri, redio ikatoa onyo. Beseni likalia. Wote wakaingia stoo, isipokuwa mumewe. Mzee alikuwa ameona nguo za harusi ya mteja kambani, akaenda kuanua. Na hapo Mama Viatu akavunja sheria yake mwenyewe. Akatoka.

Mzee anasimulia: "Alinishika mkanda wa suruali, akanivuta kama mbuzi. Akasema, 'Nguo hufuliwa tena, mume wangu.' Nikaziachia."

Mlangoni wakageuka mara moja. Shuka za wateja zilikuwa zinapanda angani polepole, nyeupe, moja nyuma ya nyingine, bila haraka yoyote. Mzee anasema zilikuwa nzuri, na anaona aibu kusema hivyo. Wakafunga mlango. Wakachuchumaa, mablanketi juu, mikono shingoni. Paa la mbele likaondoka.

Kisha kimya kitamu. Mzee akainuka atoke. "Viatu kwanza," akaambiwa. Wakangoja redio iseme kimbunga kimepita. Nje kulikuwa na vioo, misumari, na nyaya za umeme zimelala chini. Gesi ilinuka, kwa hiyo hakuna aliyewasha kiberiti. Nguo zote zilikwenda. Watu wote walikuwepo.

Nilimuuliza mzee anakumbuka nini zaidi. "Shemeji yangu, yule mdogo wake, alipotoka kuanua, hakuna aliyemshika," akasema. "Mimi nilishikwa."

Mzee wetu, binti, na nyote mliopiga pasi naye, poleni sana. Mungu amlaze pema. Nasi tuliobaki tujiulize: nyumbani kwako, chumba kisicho na dirisha ni kipi? Na ni nani wa kwako atakayekuwa nje, anaokoa vitu? Zungumza naye leo, mbingu ikiwa bado nyeupe.