Mwalimu Heriel Mzava na Saa Iliyohesabu Mawingu

Marehemu Heriel Nehemia Mzava alizaliwa Gonja, Same, tarehe 14 Machi 1971. Mimi ninayesoma ni mdogo wake, Esteria. Mniwie radhi nikisoma kama mtu anayesoma bili ya maji. Tangu Jumapili sihisi kitu.

Alisoma Gonja, kisha ualimu Korogwe. Mwaka 1998 alikuja Chake Chake kufundisha Fizikia, akatuambia atakaa miaka miwili tu. Mwaka 2003 alifunga ndoa na Paskalia, fundi cherehani, wakajaliwa binti, Angel.

Kazi yake tuliielewa. Mchezo wake ndio ulitushinda. Yeye na jirani yake Nassor, fundi umeme, walichonga mifereji juu ya ubao, wakapitisha nyaya, wakashindanisha humo vigari vidogo vya umeme. Desemba 2023 vilimaliza pamoja, kila mmoja akadai chake kimetangulia. Wakanuniana, watu wazima. Krismasi Nassor hakuja kula, na Idi sahani ya biriani haikuletwa kwa kaka, mara ya kwanza tangu wajuane.

Ndipo kaka akaunda saa ya kumaliza ugomvi: kihisi cha mwanga ndani ya njia, taa ndogo juu yake. Gari likikatiza ule mwanga, saa inahesabu mzunguko. Lakini aliifunga sebuleni, chini ya bati la kupitisha mwanga, na masika yalikuwa yameanza. Kila wingu likipita, saa inahesabu. Vigari vimesimama, mizunguko inapanda. Paskalia alicheka mpaka Nassor akasikia kwake, akaja mlangoni.

"Mwalimu, weye wafundisha Fizikia kweli?"

Akachukua kifuu cha nazi, akakitoboa pande mbili vigari vipite, akafunika nacho kihisi na taa yake. Saa ikatulia. Siku hiyo walikula pamoja, wakaahidiana kurudia mbio.

Hawakuzirudia. Juni figo zilianza kumsumbua kaka, akawa mtu wa kulazwa na kurudi. Mara ya mwisho hospitalini alimuuliza Nassor, "Sasa, nani alishinda?"

"Weye, Mwalimu."

"Mwongo," kaka akasema, akamshika mkono. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025.

Jana nilipofika kutoka Same, kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Nassor alikuwa bado ndani, anasawazisha kuta kwa kiganja.

Ameacha mjane, binti, mimi, na Nassor. Ndugu niliosafiri nao wameniuliza kwa nini jina hilo limo. Limo. Mungu akupokee, kaka, upumzike.