Maji Aliyoazima Nasir

Ndugu zangu, salamu aleikum. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenifikisha mbele yenu nikiwa hai, na nikiwa na jina langu. Jina langu ni Seif bin Hamed. Mtaniwia radhi nikilitaja mara nyingi. Kuna mwaka mmoja ambao nusura linipotee.

Walisema sitaweza. Niliposhuka Ibra, kule Omani, kutoka Unguja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na sanduku moja na stashahada ya mitambo ya maji, walisema huyu mtu wa Zinjibar hataliweza jua letu. Walisema Kiarabu chake kimechakaa, hataweza kuuza wala kununua. Walisema ataondoka kabla tende hazijaiva. Mzee Khalfan, jirani yetu mwenye shamba la mitende ya aina ya khasab, aliishika stashahada yangu, akaitazama juu chini, akasema mbele za watu: "Hebu ichovye kwenye mfereji wa falaj, mwanangu, tuone kama itaota." Baraza zima likacheka.

Niliweza, ndugu zangu, na nitasema kweli hata mkiniona najisifu. Darasani Dar es Salaam nilitoka wa pili, na huyo wa kwanza alikuwa amerudia mwaka. Haukupita mwaka, mashine za maji zilizowashinda mafundi wa Sur na Nizwa zikawa zinaningoja mimi. Nilikuwa na mshahara na gari ya ofisi. Lakini mshahara haumwambii mtu kwa nini yupo duniani. Unguja tulikuwa Waarabu. Ibra tukawa watu wa Unguja. Nilikula peke yangu, nikalala peke yangu, na hapakuwa na mtu aliyejali nimetoka wapi au nakwenda wapi. Mtu mwenye njaa ya namna hiyo hula chochote anachopewa.

Nilipewa jina la mtu mwingine.

Palikuwa na bibi mmoja wa ukoo wetu, Bibi Zuwena. Alizaliwa Unguja, akaletwa Ibra kuolewa akiwa mwari, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani, kilichonyooka. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Siku nilipokwenda kujitambulisha nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Aliniinamisha, akanipapasa uso mzima kwa vidole, kisha akasema, kama mama anayemwambia mtoto aliyetoka dukani: "Umechelewa, Nasir. Wenye maji wanakungoja."

Nasir alikuwa mwanawe, na alikufa mwaka ule ule niliozaliwa mimi.

Khabari yake niliipata kidogo kidogo. Falaj, kwa msioijua, ni mfereji unaoyatoa maji chini ya ardhi na kuyafikisha mashambani. Kila shamba lina zamu yake, na zamu hupimwa kwa nusu saa, ambayo kule huitwa athar. Mchana wakili wa falaj, yaani msimamizi wa zamu, husoma kivuli cha kijiti alichokisimamisha chini. Mtu ambaye mitende yake inakufa huweza kuazima athar za jirani, akarudisha mwaka wa neema. Mwaka wa ukame Nasir aliazima kwa majirani wanne. Kisha akaingia chini na sururu kuchimba tawi jipya, apate maji ya kuwarudishia. Dari ikaanguka. Walichimba siku nane, hawakumpata.

Na asiyeonekana maiti yake, Ibra ya wakati ule haikumwita maiti. Walisema wachawi wamemficha, na aliyefichwa huweza kurudi.

Nilicheka. Mimi ni msomi. Baba yake Nasir na babu yangu walitoka tumbo moja, kwa hiyo kufanana si ajabu. Hivyo nilijiambia, mpaka siku nilipoingia shamba lile, lililokuwa halijalimwa tangu alipokufa. Nilifika kwenye mfereji, nikatia mkono ndani ya tundu la ukuta bila kufikiri, nikatoa jiwe la kuzibia maji. Lilikuwa la baridi. Sijui nani aliuambia mkono wangu. Nyuma yangu Bibi Zuwena alikuwa amesimama, anacheka taratibu. "Pale pale ulipoliweka," akasema.

Adhuhuri ya siku ile, saa ambayo kivuli cha kijiti hujikunja miguuni pake na watu wote wamelala, nilisikia chini ya nyayo zangu: ko. Kikapita kimya kirefu. Kisha tena: ko. Sauti ya sururu. Mbuzi wa bibi waliokuwa wamejinyoosha kivulini waliinuka wote kwa pamoja, wakahamia upande wa pili wa ukuta.

Kazini nilikuwa na mwenzangu, Piyadasa, mpimaji kutoka Sri Lanka, mfuasi wa dini ya Buddha. Alikuwa mtu mkimya, asiyeua hata nge aliyemkuta ndani ya kiatu chake. Alimtoa nje kwa karatasi, akamtakia safari njema. Nilimweleza yote tukiwa tunakula, nikitaraji atacheka pamoja nami. Hakucheka.

"Kwetu wako watoto wanaokumbuka nyumba ambazo hawajapata kuziona," akaniambia. "Mtu akifa na kiu ya jambo, kiu ile haifi naye. Hutafuta pa kuzaliwa."

"Basi mimi ndiye Nasir?"

"Hilo ni swali lisilo na faida, Mista Seif. Sisi hatusemi wewe ni yeye, wala hatusemi wewe ni mwingine kabisa. Hata wewe wa jana siye huyu anayekula wali wangu leo. Tunasema matendo hayapotei. Kuna kazi iliachwa, pengine imepata mikono." Akanawa. "Lakini usifurahi. Kurudi si zawadi. Sisi tunaomba kiu ikome, ili mtu asirudi tena na tena."

Sikuichukua dini yake, wala yeye hakuichukua yangu. Sisi twaamini roho ikitoka imetoka, na itasimama mbele ya Mola wake siku moja tu. Lakini ndugu zangu, katika maneno yake yote nilishika nusu. Nilishika kurudi. Ile ya kutofurahi niliiacha kwenye sinia.

Kwa sababu nilikuwa nimeanza kufurahi. Khabari ya lile jiwe ilikuwa imeenea, na waliokuwa wakiniita mtu wa Zinjibar walinisogezea mto nikae mbele. Mzee Khalfan, yule wa kuchovya stashahada, alinimiminia kahawa kwa mkono wake. Hakuna aliyenidhihaki Kiarabu changu tena. Bibi Zuwena alinifunga kilemba cha Nasir, akanipikia vyakula alivyovipenda Nasir, nami nikaanza kuvipenda. Walipoita "Nasir!" niligeuka kabla sijakumbuka kutogeuka. Nikaacha kumwandikia mama yangu Unguja. Siku moja mtu wa posta alikuja na barua, akauliza kama namjua Seif bin Hamed. Nikamwambia simjui.

Sikuwa namtania, ndugu zangu. Alipokwisha kuondoka na ile barua ndipo nilipokumbuka kwamba Seif ni mimi.

Kiangazi kilichofuata maji yakapungua. Ofisi ilinipa kazi ya kuingia chini ya falaj na kuondoa kizuizi. Wachimbaji waliniteremsha kwa kamba katika kisima cha kuingilia, na Piyadasa akabaki juu na ramani. Nilitambaa na taa mpaka pahali ambapo mawe yalikuwa yameporomoka. Nikayaondoa moja moja, na maji yakaanza kupita. Nyuma ya mawe, upande wa kulia, palikuwa na tundu kavu la kumtosha mtu. Nikaingia. Niliijua kona yake kabla taa haijaimulika.

Alikuwa ameketi. Mifupa ilikuwa imeegemea ukuta, sururu mapajani, kofia kichwani. Nami nikaketi mkabala naye. Sijui nilikaa muda gani. Taa ilikuwa inafifia, na ilifika pahali nikawa sijui kati yetu wawili ni yupi anayetazama na yupi anayetazamwa. Niliutazama mkono wangu, nikaona umekaa juu ya paja kama wake.

Kule juu wachimbaji wakaanza kuita, na sauti ikashuka kisimani, ikatambaa mpaka kwetu: "Nasir! Ya Nasir!" Mdomo wa lile fuvu ulikuwa wazi, kama mtu anayekaribia kuitika. Na mdomo wangu nao nikausikia unafunguka. Nilijua, kama ninavyojua sasa kwamba nimesimama mbele yenu, kuwa nikiitika sitatoka.

Ndipo ikaja sauti nyingine, yenye lafudhi ya mbali. "Mista Seif! Seif bin Hamed! Chai inapoa!"

Katika watu wote waliokuwa juu ya ardhi ile, ni Piyadasa peke yake aliyeamini kwamba mtu huzaliwa tena. Naye peke yake ndiye aliyeniita kwa jina la baba yangu. Mwenyezi Mungu humtumia amtakaye. Nikajibu kwa sauti iliyonitoka tumboni, "Mimi hapa!" Nikalia, nikasoma niliyojaaliwa kuyakumbuka, nikamwambia yule aliyeketi: "Nasir ni wewe. Mimi mgeni."

Shetani hakuniacha hapo. Alinikumbusha kwamba ningeweza kuyarudisha mawe penye tundu lile, nikatoka, na hakuna ambaye angejua. Mto wa mbele ungebaki wangu. Na nikitoka na mifupa hii nitakuwa tena mtu wa Zinjibar, na bibi kizee atafiwa mara ya pili kwa mkono wangu. Niliyapima hayo yote. Kisha nikavua kilemba, nikakitandika chini, nikamkusanya ndani yake.

Bibi Zuwena nilimkuta uani. Nilipiga magoti, nikaweka kilemba mbele yake, nikamwambia mimi ni Seif. Alipapasa kilichokuwamo kwa muda mrefu, hakulia.

"Nilijua tangu siku ya tatu," akasema. "Nasir wangu hakuwa mtu wa kujisifu."

"Mbona hukuniambia, bibi?"

"Na wewe mbona hukukataa?"

Nikakikunjua kilemba mpaka mwisho.

Mbavuni mwa Nasir palikuwa na mkoba wa ngozi, na ndani yake kamba nne za singa za mbuzi zilizopigwa mafundo. Mwisho wa kila kamba ilifungwa kokwa ya tende. Mimi msomi sikuona kitu. Bibi alizishika kokwa kwa vidole, moja moja: "Hii naghal. Hii mabsali. Hii fardh. Hii khasab." Kila shamba la majirani wale wanne lilijulikana kwa tende yake. Kila fundo lilikuwa nusu saa ya maji. Yalikuwa mafundo thelathini na moja.

Miaka yote ile alikuwa akiwauliza wenye maji ni kiasi gani aliazima mwanawe, nao kwa adabu hujibu, "Kheri, mama, kheri." Hawakudai, kwa kumwonea haya. Wala hawakusema wamesamehe. Na sisi twafundishwa kwamba roho ya maiti hubaki imefungika kwa deni lake.

Tukamzika Nasir. Lakini adhuhuri ya kesho yake, shambani, nilisikia tena: ko.

Ndipo nikajua kazi yangu. Shamba la bibi lilikuwa bado na zamu yake, athar tatu kila siku ya nane, na maji sasa yalikuwa yakipita kwa nguvu kwa sababu ya mikono yangu. Kila zamu ilipofika, nililiziba shamba letu kwa lile jiwe, nikayaelekeza maji kwa wengine: kwanza shamba la naghal, kisha la mabsali, kisha la fardh. Vitoto vya mitende nilivyopanda mwenyewe vilikauka mbele ya macho yangu, na watu wakacheka upya. Nilifungua mafundo, moja kwa kila nusu saa. Na kila nilipofungua fundo, sauti ile ya chini ilikuwa mbali zaidi, kama mtu anayechimba akielekea upande mwingine.

Ndugu zangu, huenda yuko hapa asiyejua kwa nini yupo, anayesikia kwamba jina lake ni dogo na angetamani kuvaa la mwingine. Usitafute kujua uliwahi kuwa nani. Tazama ni kazi gani imeachwa mbele yako, uifanye kwa jina lako, na umtegemee Mungu kwa yaliyobaki. Hajaniangusha. Mama yangu nilimwandikia siku ile ile niliyotoka chini.

Siku ya mwisho lilibaki fundo moja, la kamba ya khasab, la Mzee Khalfan. Marehemu baba yake ndiye aliyeazimisha. Zamu iliangukia adhuhuri. Bibi Zuwena aliomba aletwe, tukamkalisha kwenye ukingo wa mfereji wa Khalfan. Wakili alichutama kwenye kijiti chake. Nilifungua, maji yakaingia, na sote tukakitazama kivuli mpaka wakili alipoinua mkono.

Nikaziba. Nikaitoa kamba, haina fundo hata moja, nikamkabidhi Khalfan. Aliigeuzageuza kama alivyoigeuza stashahada yangu siku ile. Akauliza kwa sauti ndogo, "Haya maji niyaandike kwa jina la nani?"

Bibi alichota kwa kiganja, akanawa uso. Kwa miaka yote aliyoishi bila mwanawe hakuna aliyewahi kumsikia akilitamka neno la kukiri kifo chake, naye sasa alilitamka taratibu, kila mtu akasikia.

"La marehemu mwanangu Nasir," akasema. "Mlipaji ni Seif."

Nilitega sikio chini. Hapakuwa na sauti. Kule ukutani mbuzi walikuwa wamelala kivulini, hakuna hata mmoja aliyeinuka.