Fulana ya Kipa Réjean Boisclair

Jumanne ya tarehe 14 Novemba 2023, saa tatu na nusu asubuhi, Bi Aili Boisclair alikuwa amezamisha mikono kwenye karai la maji ya sabuni, anafua fulana kuukuu ya pamba yenye viraka kwapani, ambayo mumewe alikuwa ameagiza apelekewe hospitali mchana ule, ndipo simu ikaita, binti yake Marja akaipokea, akasikiliza, akasema, "Mama, baba ametutoka." Bi Aili hakuinua mikono. "Ngoja niisuuze," alisema, "povu likikaukia kwenye nguo ni kazi kulitoa." Akaisuuza mara mbili, akaikamua, akaitundika karibu na jiko la kuni, akafuta mikono kwa aproni, ndipo akakaa. Historia hii imeandikwa na huyo Marja, naye ndiye anayewasomea, na kama imeanzia kwenye karai badala ya kuanzia kwenye kuzaliwa, sababu mtaiona mbele, ingawa wengi wenu humu ukumbini mnaijua fulana hiyo kuliko wajukuu wake wanavyoijua.

Marehemu Réjean Boisclair alizaliwa tarehe 9 Februari 1946 katika kijiji cha Saint-Cyprien-des-Pins, jimbo la Quebec, nchini Kanada, akiwa mtoto wa saba kati ya kumi na mmoja wa Bwana Ovila Boisclair, mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi, na Bibi Rose-Aimée. Kaka zake walihitaji mtu wa kusimama langoni ili wampigie kile kisahani cha mpira wa magongo wa barafuni, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mpole, wakamfunga magazeti miguuni kwa kamba, wakamsimamisha kwenye barafu ya bwawa la kiwanda, na kutoka hapo langoni hakutoka mpaka alipofikisha miaka thelathini na moja.

Alisoma shule ya parokia ya kijijini kuanzia mwaka 1952 hadi 1959, kisha shule ya ufundi, alikohitimu Juni 1963 kwa cheti cha ufundi wa vyuma, cheti ambacho mama yake alikitundika ukutani na yeye hakukiangalia tena kwa miaka kumi na minne, maana alikuwa na jambo moja tu kichwani. Alitaka kucheza ligi kuu, hata mechi moja, kwa sababu mzee Ovila alikuwa na redio jikoni, kila Jumamosi jioni majirani walikuja kuisikiliza mechi, na kule kwao mtu ambaye jina lake halijatajwa redioni alihesabiwa kuwa hajacheza.

Mwaka 1967 alianza kucheza kwa malipo katika ligi ndogo, akapita timu saba kwa majira tisa ya baridi, akilala kwenye mabasi, akishonwa nyuzi usoni na madaktari ambao walikuwa wanatazama mechi huku wakishona, na kila ifikapo Aprili aliambiwa neno lile lile, "Mwakani, Boisclair." Septemba 1976 alifika hapa Kallio Harbor, Michigan, kuichezea timu ya mji huu, Wachimbaji, katika Ligi ya Kaskazini, na kwa kuwa timu haikuwa na mabweni, wachezaji waligawiwa kwenye nyumba za watu. Yeye na beki Duffy McCaig wakapangiwa nyumba ya Bi Aili Rautio, Mtaa wa Tatu, mjane wa miaka thelathini na tatu ambaye mumewe, marehemu Eino, alizama ziwani mwaka 1973 akamwachia binti wa miaka mitatu, yaani Marja, na mama mkwe aliyekuwa haoni vizuri.

Kocha alimpa marehemu kazi nyingine mbali na kulinda lango. Mwanzoni mwa Desemba, wakitoka ugenini, basi liliondoka kwenye kituo cha mafuta likamwacha mchezaji mmoja chooni, theluji ikimwagika, na hakuna aliyegundua mpaka walipokuwa wamefika mbali, naye waliporudi walimkuta amejikunyata na mbwa wa mwenye kituo. Tangu siku hiyo Réjean, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, akawa anapita katikati ya viti akigusa kila kichwa kwa glovu yake, na akimaliza anamwambia dereva, "Kikosi kimetimia, funga mlango." Mazoea hayo akayaleta na mezani kwa Bi Aili, hakuna kijiko kilichoinuka kabla hajahesabu. "Tuko watano tu, babu," McCaig alikuwa akimlalamikia, "tena mmoja ni bibi kizee na mmoja ni katoto, watakimbilia wapi?" "Yule wa chooni naye tulisema atakimbilia wapi," Réjean alimjibu, akaendelea kuhesabu.

Msimu ulianza vibaya, kisha katikati ya Januari 1977 timu ikashinda, ikashinda tena, na ninyi wenyeji wa hapa hamhitaji kuelezwa kwamba kipa anayeshinda hafui fulana yake ya ndani, asije akaifua na bahati. Zilipofika mechi tano za ushindi fulana ilisimama yenyewe ikiwekwa sakafuni, zilipofika saba mama mkwe, asiyeona vizuri, alijua nani ameingia ndani kabla hajasalimia.

"Réjean," Bi Aili alimwambia, "hicho kitu kitalala nje, au nitalala nje mimi."

"Bi Aili, kinashinda."

"Kinanuka."

"Kinanuka kwa sababu kinashinda."

Wakapatana itundikwe kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke kule uani, na mlango ufungwe. Zilipofika mechi tisa bila kushindwa, kocha akawaita, akasema Jumamosi ya tarehe 5 Machi atakuja mtu wa kutafuta vipaji kutoka ligi kuu, kipa wa pili wa timu yake ameumia goti, naye anakuja kumtazama Boisclair. Siku ile marehemu alikula kidogo. Alimpigia simu baba yake, akamwambia awe karibu na redio wiki ijayo.

Jumamosi ni siku ya sauna, na Bi Aili, kama kila mwanamke wa Kifini wa mji huu, alikuwa ameamka mapema kusugua mabenchi na kukusanya taulo, mama mkwe anakohoa ndani, Marja ana homa, na katika kukusanya huko akakusanya na fulana. Aliikuta ndani ya maji ya sabuni ikiwa imeshakuwa nyeupe, na wanaomjua Bi Aili wanasema ndiyo siku pekee aliyoonekana amekaa chini kabla ya adhuhuri. Hakumtuma mtu. Aliisuuza, akaianika nje, kisha akaichukua kutoka kwenye kamba ilikokuwa imeganda ngumu kama ubao wa meza, akaingia nayo jikoni akiwa ameibeba kwa mikono miwili, akasimama mbele ya Réjean aliyekuwa anakunywa kahawa.

"Nimeifua," alisema.

Réjean aliitazama. "Kwa maji tu?"

"Na sabuni."

McCaig alishika kichwa. "Bi Aili, umetuua. Bora ungechoma nyumba."

"Wewe nyamaza, ule," Bi Aili alimwambia. Réjean akaiweka fulana juu ya kiti karibu na jiko, akasema itakauka kabla ya jioni, akamwuliza mtoto anaendeleaje na homa, na hilo ndilo lililomshinda Bi Aili, akatoka akaenda kupasua kuni ambazo tayari zilikuwa zimepasuliwa.

Mnaijua mechi yenyewe. Tulifungwa sita kwa moja, na kati ya yale sita manne angeyazuia akiwa amefumba macho, na yule mtu wa ligi kuu alivaa kofia yake akaondoka kabla ya kipindi cha tatu. Réjean na McCaig walirudi nyumbani, chakula kikiwa mezani, Bi Aili akiwa ameipa meza mgongo, anakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukoroga. McCaig akasema, "Babu, leo usihesabu magoli, hesabu vichwa." Réjean akahesabu, akamwambia Bi Aili ageuke, kwa sababu alitaka alijue jambo hili kutoka kwake. Alimwambia kwamba tangu kipindi cha kwanza alikuwa anasikia harufu ya sabuni ya jikoni humu, kila akiinama inampanda puani, na kwamba miaka tisa amesimama langoni kama mtu anayengoja basi, lakini leo alisimama kama mtu aliyekwisha kufika kwake, na mtu aliyefika kwake hana haraka na kisahani. "Kwa hiyo ni kosa langu," Bi Aili alisema. "Ni lako," alimjibu, "nipe viazi."

Mji haukuwa mwepesi hivyo. Muuza mikate alimwuliza Bi Aili kama angependa kuifulia na bendera ya timu, watoto shuleni waliziba pua wakimwona Marja, wakisema mama yake amefua ubingwa, na timu ilipoteza mechi nne zilizofuata, ikamaliza nafasi ya tano wakati wanaosonga mbele ni wanne. Kiangazi kile ligi yenyewe ikavunjika, lakini hilo hakuna aliyemlaumu mtu wa ligi, walimlaumu Bi Aili na karai lake.

Tarehe 29 Machi 1977, saa mbili asubuhi, basi lilikuja mbele ya uwanja kuwachukua wachezaji warudi makwao, watu wengi wamekuja kuwaaga, Bi Aili amesimama nyuma kabisa na mkate wa iliki wa safari, kwa kuwa hakutaka kuitwa majina. Réjean alipanda, akapita akigusa vichwa, akafika kwenye kiti chake akakikuta kitupu, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amesimama, akakitazama kiti hicho kwa muda, kisha akamwambia dereva, "Mmoja hasafiri, funga mlango," akashuka na mfuko wake wa vifaa begani. Alipita katikati ya watu mpaka nyuma, akaumwaga mfuko wote kwenye theluji mbele ya Bi Aili, soksi, glovu, pedi za miguu, vitu ambavyo tangu Septemba havijaona maji, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani ya basi, "Basi, fua vyote." Bi Aili alivitazama, akajibu, "Hivyo havioshwi, hivyo vinazikwa," naye McCaig dirishani akapiga mluzi hata dereva akaziba masikio. Hiyo ndiyo posa, hapakuwa na nyingine.

Alipompigia simu baba yake kumwarifu, mzee Ovila alisema, "Kwa hiyo redioni hutasikika." "Sitasikika, baba." "Basi mlete huyo mwanamke tumsikie yeye." Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977 katika kanisa la Kilutheri la hapa, mzee Ovila akiwapo, na wakajaliwa watoto wawili, Daniel mwaka 1979 na Senja mwaka 1982, ambao pamoja na Marja, aliyemlea kama wa damu yake mwenyewe, wamempatia wajukuu wanane. Cheti cha ufundi kilishushwa kutoka ukutani kwa mama yake, kikamfaa, akaajiriwa katika uwanja huu wa barafu Oktoba 1977, akanoa viatu vya barafu vya watoto wa mji huu na kutengeneza barafu mpaka alipostaafu mwaka 2011, na kila mzazi aliyesahau mtoto hapa anajua nani alimhesabu.

Aliugua moyo kuanzia Mei 2021, akatibiwa akarudi nyumbani, akazidiwa tarehe 27 Oktoba 2023 akalazwa. Siku ya Jumapili kabla ya kufa kwake Bi Aili, ambaye hakuwahi kuuliza kwa miaka arobaini na sita, alimwuliza, Marja akiwapo anakunja shuka, "Réjean, kama nisingeifua, ungekwenda?" Alifikiri, maana hakuwa mtu wa kumdanganya mtu mgonjwa wala mzima. "Ningekwenda," alisema. "Ningecheza mechi moja, wangenitaja redioni, wangenifunga saba, na hakuna ambaye angenifulia." Halafu akaagiza aletewe fulana ile. Bi Aili akamwuliza anaitaka ya nini, imechakaa. "Nataka kulala nayo," alisema, "ila uifue kwanza."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wa zamu ya usiku waliovumilia kuhesabiwa, majirani wa Mtaa wa Tatu waliozoa theluji ya mlangoni bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa uwanja huu waliotupa ukumbi, muuza mikate ambaye ndiye mtoto wa yule wa zamani na ameleta mikate yote ya leo, na Bwana Duffy McCaig, aliyesafiri kutoka Saskatchewan na magoti yake mawili ya chuma ili abebe jeneza. Wale ambao hatukuwataja, mmefanya mengi, na tumechoka, mtusamehe.

Pasti za nyama na viazi zimetolewa motoni, supu ya njegere iko mezani, kahawa imejaa. Mlipokuwa mnaingia mlimwona Bi Aili amesimama mlangoni akimgusa kila mmoja bega, pengine mkadhani anawasalimu, lakini alikuwa anafanya kazi ya mumewe, na wa mwisho alimgusa yeye, hapo alipolala, amevaa fulana yake, nyeupe, imepigwa pasi. Hakuna aliyebaki njiani. Lala salama, Réjean, kikosi kimetimia, mlango umefungwa, tunakula.