Shimo la Futi Tatu

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Leo sianzi na muziki. Tumempoteza Mzee Ephantus Kabiru, na mimi nina hasira. Hasira hii ninayo tangu juzi, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe. Mtaelewa kwa nini.

Mzee Kabiru alikuwa na duka la mabati na misumari hapa Eldoret mjini. Februari mwaka wa 1966 alipanda lori la kampuni moja ya kununua mashamba, akapelekwa upande wa Kesses, kwa setla, mzungu mwenye shamba, aliyekuwa anahama. Jua lilikuwa limekausha nyasi kila mahali, lakini kule bondeni, kijani kibichi! Wanunuzi wenzake kutoka Nyeri wakapiga makofi. Wakasema hapa ng'ombe hawatalala njaa kamwe.

Kabiru alikuwa amebeba jembe. Alitaka kuchimba kidogo aone udongo. Mwenyekiti wa kampuni akamshika mkono.

"Mzee, hapa bado ni kwa setla. Hakuna kuchimba. Lipa kwanza."

Narudia, wasikilizaji. Hakuna kuchimba, lipa kwanza. Jamani! Mtu akinunua viazi sokoni anavigeuzageuza mpaka mwenye viazi anakasirika. Shamba la watoto wake anaambiwa aangalie kwa macho tu!

Akauza duka, akalipa. Mvua ya Aprili ikaja, na ile kijani ikajieleza. Chini kulikuwa na udongo mweusi, wa kunata, unaoshika maji kama bakuli. Viazi vikaoza. Ukuta wa nyumba ukapasuka kutoka dirishani mpaka mlangoni. Choo kikajaa maji, na maji yale yakaingia kisimani. Julai binti yao Njambi, wa miaka saba, akashikwa na homa ya matumbo. Akafa hospitalini, akazikwa huku mjini. Mama yake, Mama Wacera, mke wa marehemu, aliniambia jana: "Tulikuwa tunakunywa choo chetu, mwanangu, na hatukujua."

Sijui nitalala vipi na maneno hayo.

Juu ya bonde, kwenye udongo mwekundu, alinunua jirani yake, Wanyonyi. Huyu alikuwa dereva wa trekta ya yule setla. Kabiru alimwendea akiwa amefura.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, Mzee. Hapo trekta yangu ilizama mara tatu."

"Na mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Nyinyi mliniuliza tu lori inaondoka saa ngapi."

Wanyonyi anasema Kabiru alicheka, halafu akalia. Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Basi kwa miaka kumi, akisikia tu shamba linauzwa, Kabiru alifika na jembe lake. Anachimba futi tatu. Anamwaga debe la maji, anakaa chini kungoja aone kama yatanywewa na udongo. Anatafuta wafanyakazi wa pale, anawauliza mvua ikinyesha inakuwaje. Timboroa alifukuzwa na mbwa. Kesses alipelekwa polisi, eti ameharibu malisho. Na sisi wa mjini tulimcheka, tukamwita Fuko, yule mnyama wa kuchimba mashimo. Aibu yetu!

Na mimi? Mimi ndiye niliyesoma tangazo la kampuni ile hapa redioni. "Shamba la kijani mwaka mzima." Ilikuwa sauti hii hii. Nilikuwa sijakanyaga pale hata siku moja.

Mzee Kabiru alifariki Jumapili. Juzi vijana walianza kuchimba kaburi kwake nyumbani. Ni Februari, wasikilizaji, Eldoret yote ni vumbi. Futi tatu, maji. Nasema tena: futi tatu, maji. Miaka kumi na moja amelipia shamba ambalo halikuweza kumpokea.

Wanyonyi akasema, "Mleteni kwangu, huku juu." Na ndiko tulikomzika jana. Mwenyekiti alikuja na suti, akaanza kutuhubiria jinsi marehemu alivyopenda ardhi. Mama Wacera akamkatiza: "Nenda kwanza uone lile shimo." Hakwenda.

Baadaye vijana walitaka kulifukia shimo lile, Mama Wacera akakataa. Hata Wanyonyi alimsihi: "Mama, kwetu kaburi haliachwi tupu. Likikosa maiti, tunazika hata shina la mgomba."

"Hili si tupu," akajibu. "Lina maji. Liacheni."

Kwa sababu kesho, Jumamosi, saa nne, kampuni ile ile inaleta lori la wanunuzi kuona kipande kinachopakana na kwa Kabiru. Tangazo lao liko hapa mezani. Lina maneno yale yale. Silisomi.

Mama Wacera, pole sana. Poleni watoto na wajukuu. Wanyonyi, Mungu akubariki. Na sisi wengine tukae tufikirie ni nani tuliyemcheka, na ni nani hatukumuuliza.

Wewe unayepanda lori kesho: ukishuka, vuka ua uende kwa Kabiru. Utamkuta mama mmoja amekaa kando ya shimo na jembe la mumewe. Chungulia ndani, kisha umwombe hilo jembe. Hilo ndilo tangazo langu.